Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndio maswali watu huuliza kila wakija Ngomeni, wanafunzi wa skuli, wageni wa kutoka bara, na watu wa Mombasa wenyewe ambao wamepita nje ya ule ukuta miaka nenda miaka rudi na hawajaingia ndani hata siku moja. Mengine yana majibu marefu manake historia yenyewe ni ndefu, mengine yanaisha kwa mstari mmoja tu.

Hapa ni ngome au ni makumbusho?

Vyote viwili. Ngome ni ya tangu 1593, makumbusho yalifunguliwa 1960. Hapo katikati pakawa kambi ya askari, makao ya maliwali, na jela. Jela ilifungwa 1958, mwaka huo huo pakatangazwa kuwa mahali pa kihistoria pa kulindwa, halafu Gulbenkian Foundation ya Ureno ikatoa pesa za kuchimba na kukarabati. Aliyesimamia kazi ni James Kirkman, mwanaakiolojia ambaye tayari alikuwa anachimba Gede tangu 1948, na vitu vingi vya mwanzo kwenye makabati vilitoka kwenye machimbo yake, hapa hapa na huko Gede na Ungwana, miji ya kale ya Waswahili iliyobaki magofu. Leo yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Lakini ukiingia usikimbilie makabati. Kitu kikubwa kabisa kwenye mkusanyiko wa hapa ni jengo lenyewe, yaani kuta, milango, visima, mashimo ya risasi na maandishi. Mtu aliyeona vyungu akatoka bila kutembea juu ya kuta ameona nusu.

Nani alijenga na kwa nini palepale?

Wareno ndio waliotoa amri na pesa, enzi za mfalme Philip II wa Hispania ambaye wakati huo alikuwa anatawala na Ureno pia. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Muitaliano, ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Wareno upande wa mashariki. Kazi ilianza 1593 na kufika 1596 sehemu kubwa ilikuwa imesimama. Waashi waliletwa kutoka India na nguvukazi ikatoka Malindi, jiwe ni matumbawe ya hapa hapa. Ukitazama chini upande wa bahari utaona ukuta umepandishwa juu ya mwamba wa matumbawe, hata hujui mwamba unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi.

Kwa nini hapo? Manake jahazi au merikebu yoyote inayoingia bandari ya zamani lazima ipite mbele ya huo mwamba. Na kwa nini mwaka huo? Hapa ndipo watu wengi hawaambiwi vizuri. Mombasa haikuwa mji wa kulala. Ibn Battuta alipita 1331 akakuta Waislamu na misikiti yao. Vasco da Gama alifika 1498 na hakupata mapokezi mema, akaenda Malindi. Baada ya hapo Wareno walikuja kuupiga mji na kuuchoma, 1505 kwa Almeida, 1528 kwa Nuno da Cunha, na kila mara watu walirudi wakajenga upya. Miaka ya 1580 akaja Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, watu wa pwani wakamuunga mkono, Wareno wakaja tena kuupiga mji 1589, na mwaka huo huo Wazimba, wapiganaji waliotoka upande wa Zambezi, nao wakaingia kisiwani. Ndio Wareno wakaona bila ngome ya mawe hawataukalia huu mji, wakamleta na sultani wa Malindi aliyekuwa rafiki yao akae kwenye kiti cha Mombasa. Kwa hivyo ukubwa wa ule ukuta ni ushahidi wa jinsi watu wa Mvita, yaani Mombasa, walivyokuwa wagumu kutawalika, mimi ndivyo ninavyousoma na sioni njia nyingine ya kuusoma.

Mbona inaitwa Jesus na mji ni wa Waislamu?

Wareno waliiweka wakfu kwa jina la Yesu walipoanza kujenga, Aprili 1593. Merikebu zao zilikuwa zinasafiri chini ya bendera ya Shirika la Kristo na dini na utawala kwao vilikwenda pamoja. Jina limebaki kwenye makaratasi na kwenye vibao, ila ukiwa mjini ukisema unakwenda Ngomeni kila mtu ameelewa.

Ni kweli ukiiona kutoka juu ina umbo la mtu?

Ndio, kwa kiasi. Mafundi wa Italia wa zama zile waliamini vipimo bora kabisa ni vya mwili wa binadamu, na ramani ya Cairati imefuata wazo hilo, buruji nne pembeni kama mikono na miguu na sehemu iliyochomoza upande wa bahari kama kichwa. Buruji zenyewe zina majina, São Filipe, São Alberto, São Mateus na São Matias.

Ila umbo hilo lilikuwa na kazi ya vita vilevile. Simama kwenye buruji moja uangalie ukuta unaokwenda mpaka buruji ya pili, utaona hakuna pembe hata moja ambapo adui anaweza kujibanza chini ya ukuta asionekane, manake aliye huku anampiga anayeshambulia kule. Zama za mizinga ukuta ulionyooka peke yake ulikuwa haufai tena. Nje kuna handaki upande wa nchi kavu.

Imebadilisha mikono mara ngapi?

Hesabu inayotajwa sana ni mara tisa kati ya 1631 na 1875, na ukizifuata zinatoka hivi: Yusuf bin Hasan akaitwaa 1631, Wareno wakarudi 1632, Waomani 1698, Wareno tena 1728, watu wa mji wakawatoa 1729, halafu ule mvutano wa miaka ya 1740 kati ya watu wa Imamu wa Oman na Mazrui ambapo iliponyoka na kurudi, Seyyid Said 1837, na mwisho 1875 Akida Muhammad bin Abdallah alipoasi akajifungia ndani na manowari za Waingereza zikaipiga mizinga mpaka akajisalimisha, ikarudishwa kwa Sultani wa Zanzibar.

Watu huuliza ipi muhimu zaidi. Wengi watakwambia 1698. Mimi nasema usiipite 1729, manake hapo watu wa Mombasa ndio waliowazingira Wareno wenyewe mpaka wakatoka, na wazee wa mji wakaenda Muscat kutafuta msaada ili wasirudi tena. Wareno hawakuikamata tena Mombasa baada ya hapo.

Yusuf bin Hasan ni nani, na kwa nini vitabu vingine vinamwita Jerónimo?

Huyu ni mtu ambaye kila mtoto wa pwani anastahili kumjua. Baba yake, Sultani Hasan, aligombana na kapiteni wa Wareno, akakimbilia bara kwa watu wa Rabai, na huko akauliwa 1614 kwa njama za Wareno, kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Goa. Mtoto alikuwa bado mdogo, akachukuliwa naye Goa, akalelewa na mapadri wa Kiagostino, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia, akafunzwa ubaharia, akatumikia kwenye merikebu zao. 1626 wakamrudisha Mombasa kuwa sultani wakidhani wamepata mtu wao.

Wakawa wanamdharau. Halafu ikavuma kwamba ameonekana kaburini kwa baba yake akisali kwa njia ya Kiislamu, kapiteni akapanga kumpeleka Goa akahukumiwe. Agosti 1631, siku za sikukuu yao kubwa, Yusuf akaingia ngomeni na watu wake kama mtu aliyekuja kuamkia, akamuua kapiteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake, ngome ikawa yake. Wareno wengi waliokuwa mjini waliuawa siku zilizofuata, na Kanisa limewakumbuka mpaka leo kama mashahidi wa Mombasa, hilo nalo lisemwe lisifichwe. Mapema 1632 jeshi likaja kutoka Goa kumzingira, likashindwa likaondoka. Lakini akaona hawezi kuishikilia peke yake, akaondoka kwa merikebu, akawa anawasumbua Wareno baharini mpaka alipofariki Jeddah miaka michache baadaye.

Ukifika mlangoni tazama juu, kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno yaliyowekwa enzi za kapiteni Seixas de Cabreira, 1635. Limejaa majigambo ya jinsi alivyoitiisha pwani baada ya yale maasi. Watu wanapita chini yake wakipiga picha bila kujua kwamba lile jiwe liko pale kwa sababu ya Yusuf.

Ule mzingiro mkubwa wa 1696 ulikuwaje?

Mrefu na wa kusikitisha. Waomani walifika Machi 1696 na ngome ikaanguka Disemba 1698, karibu miezi thelathini na mitatu. Waliojifungia ndani hawakuwa Wareno tu, kulikuwa na watu wa pwani waliokuwa upande wao, wanawake na watoto, na kilichowamaliza zaidi ya risasi ni maradhi na njaa. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 makapiteni wa Kireno walikuwa wamekufa, na aliyebaki akiamuru ngome ni Bwana Daud wa Faza, mji wa upande wa Lamu, Mswahili, akiwa na jamaa zake na watu wachache. Wakashikilia hivyo mpaka msaada ulipofika kutoka Goa mwezi wa tisa. Nje, jeshi la Waomani nalo lilikuwa na watu wa pwani ndani yake. Kwa hivyo ukiambiwa ilikuwa vita ya Wareno na Waarabu, uliza Waswahili walikuwa wapi, jibu ni kwamba walikuwa pande zote mbili, kila mji na sababu zake, Faza ilikuwa na ugomvi wake na Pate na Mombasa ilikuwa na madeni yake na Wareno.

Na ile meli iliyozama?

Inaitwa Santo António de Tanná, manowari iliyoundwa Bassein huko India na kushushwa majini 1681. Ilikuja na ule msaada wa 1697, ikazama chini ya ngome mwaka huo huo. Ikalala pale mpaka wapiga mbizi walipoiona miaka ya 1960, na kuanzia 1977 hadi 1980 wataalamu wa akiolojia ya baharini wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa wakaichimba. Ilikuwa kazi ngumu, maji yana mkondo na matope, wanafanya kazi kwa zamu fupi fupi.

Vilivyotolewa ni maelfu ya vitu, vyungu, sahani za kaure za Kichina, vifaa vya ubaharia, risasi, vitu vya mbao, vitu vya watu binafsi, na sehemu ya hivyo ndio unaiona kwenye maonyesho. Watu huuliza mbona hawakuinua meli nzima. Mbao zikikaa majini karne tatu ukizitoa tu zikauke zinapasuka na kusinyaa, kuzitibu ni kazi ya miaka mingi na gharama kubwa mno, kwa hivyo walipima kila ubao, wakachora ramani ya umbo lote, kisha wakaifukia tena kwa mchanga. Iko pale mpaka leo. Ukisimama juu ya ukuta upande wa bahari unaangalia mahali ilipo, na mimi naona hicho ndicho kionyesho cha maana kuliko vyote ambavyo havimo kabatini.

Kitu kimoja cha kuangalia kwa makini ni vile vyungu vya kawaida vya kupikia. Kaure ya Uchina inapendeza sana ndio kila mtu anaipiga picha, lakini chungu cha udongo ndicho kinachokwambia nani alikuwa anapika na alikuwa anapika nini.

Wamazrui walikuwa wageni au wenyeji?

Walikuja kama maliwali wa Imamu wa Oman wakawa watu wa Mombasa. 1741 ukoo wa Albusaidi ulipochukua utawala Oman, liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui alikataa kuwatambua. Wakatumwa watu kumuua, wakafaulu, ngome ikashikwa, lakini ndugu yake Ali bin Uthman aliyekuwa amefungwa akatoroka akakusanya watu akairudisha. Kutoka hapo mpaka 1837 Mombasa ilijitawala chini ya Mazrui, na hawakuweza kutawala bila Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mbili ya Waswahili wa Mombasa, Tisa Taifa na Taifa Tatu, na bila Wamijikenda waliokuwa nyuma yao bara. Hii ndio Mombasa ya Muyaka bin Haji, yule malenga aliyetunga mashairi ya vita na siasa za mji wake.

Seyyid Said alijaribu mara kadhaa. 1824 Mazrui wakaomba ulinzi wa Waingereza, Kapteni Owen akapandisha bendera, na huo ulinzi ukadumu mpaka 1826 tu. Ofisa aliyeachwa hapa, Luteni Reitz, alikufa kwa homa baada ya miezi michache. Kama unakaa Port Reitz, jina lilitoka kwake. 1837 Said akaipata Mombasa, wakubwa wa Mazrui wakakamatwa wakasafirishwa, wengine wakahamia Gazi na Takaungu.

Ndani ya ngome kuna Ukumbi wa Mazrui, una baraza za kukalia na maandishi ya Kiarabu kwenye chokaa ya karne ya 18, aya za Qurani. Usiguse tafadhali, chokaa ile ikisagika hairudi.

Waingereza walifanya nini hapa?

Jela, 1895 hadi 1958. Basi miaka sitini na kitu. Wazee wengi wa Mombasa waliikumbuka ngome kama jela kwanza na historia baadaye, na kuna familia ambazo babu zao walikaa ndani ya zile kuta. Majengo ya vyumba vya wafungwa mengi yalivunjwa wakati wa ukarabati ili kufichua yaliyokuwa chini. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, ila ningependa historia ya jela ipewe nafasi kubwa zaidi kwenye maonyesho, manake ndio historia iliyo karibu zaidi na watu walio hai.

Watumwa walifungwa hapa?

Swali zito na linaulizwa kila siku. Ngome ilijengwa kwa ajili ya vita na kulinda bandari, haikujengwa kuwa soko la watumwa. Lakini biashara ya watumwa ilikuwepo Mombasa na pwani nzima, na waliotawala kutoka humu ndani, Wareno, Waomani, Mazrui, wote walikuwa na watumwa, hakuna haja ya kuzunguka maneno. Soko la Zanzibar lilifungwa 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na mwaka 1875 wamisionari wakaanzisha Frere Town ng'ambo ya bandari kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka kwenye majahazi. Ile kengele yao ndio iliyoipa Kengeleni jina lake. Ukitaka kuifuata historia hiyo vizuri, toka ngomeni uvuke uende Kengeleni na Rabai.

Nikiingia nianze wapi?

Nenda kwanza juu ya kuta uelewe mahali, bahari iko wapi, mji wa kale uko wapi, ndio ushuke kwenye maonyesho.

Usikose michoro ya ukutani. Wakati wa Wareno, askari na mabaharia waliokuwa zamu walichora kwenye chokaa kwa makaa na udongo mwekundu, merikebu, watu wenye mavazi ya vita, makanisa, samaki. Si kazi za wasanii wa kulipwa, ni watu waliokuwa mbali na kwao wakichora walichokijua. Merikebu zimechorwa na mtu anayejua kamba ipi inakwenda wapi. Zilitolewa ukutani kwa uangalifu zikahifadhiwa ndani.

Kisha ukumbi wa vyungu, kuna vya Manda, Gede, Ungwana na hapa ngomeni. Kuna kaure ya Uchina, vyungu vya Uajemi na India, vya Ureno, na vya udongo wa huku kwetu. Kwa mpangilio ule unaona biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwepo karne nyingi kabla ya da Gama. Gede yenyewe sasa imeingia kwenye Urithi wa Dunia, tangu 2024.

Halafu Nyumba ya Waomani kwenye buruji ya São Filipe, ya mwisho wa karne ya 18, ina vitu vya maisha ya Waomani na Waswahili, na mandhari ya bandari kutoka pale ni ya kipekee. Msingi wa kanisa la Wareno uko uwanjani. Na kuna ile njia iliyokatwa ndani ya mwamba kushuka kuelekea baharini, ya kupitishia watu na mizigo kutoka kwenye vyombo. Vaa viatu vya kushika.

Mizinga miwili mikubwa ya nje mbona haifanani na ya Wareno?

Manake ni ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg, mwingine ni wa HMS Pegasus ya Waingereza. Königsberg iliizamisha Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikamalizwa huko Julai 1915. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake wakapigana nayo nchi kavu. Leo mzinga wa aliyepiga na wa aliyepigwa iko pamoja mbele ya lango.

Ile mifupa mikubwa uwanjani?

Nyangumi. Watoto huipenda kuliko kitu chochote.

Makumbusho haya ni ya Wareno na Waarabu tu? Sisi Wamijikenda tuko wapi?

Mko ndani ya kila ukurasa wa historia hii, nimeshataja hapo juu mara kadhaa, ila kwa vitu vinavyoonyeshwa nakubali bado kuna nafasi ya kuongeza. Jambo la kujua ni hili la vigango. Ni nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, na si mapambo, ni mzee wa ukoo amesimama pale. Kuanzia miaka ya 1970 na 80 viliibwa kwa wingi vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara vikaishia kwenye makumbusho na nyumba za watu Marekani. Viwili vilirudishwa 2007, na makumbusho mengine ya huko yamerudisha vingi zaidi baadaye. Kwa hivyo ukionyeshwa kigango kinauzwa, mahali popote, usinunue, hata ukiambiwa ni cha zamani na hakina mwenyewe. Kina mwenyewe. Makaya nayo, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yako kwenye Urithi wa Dunia tangu 2008.

UNESCO ilikuja lini?

2011. Eneo lililoorodheshwa ni hekta 2.36, ngome pamoja na handaki na mazingira yake ya karibu. Sababu kubwa ni kwamba ni mfano uliobaki vizuri wa ngome za Wareno za karne ya 16.

Na hatari ipo. Mawimbi yalikuwa yanakula mwamba chini ya ngome, ikabidi ujengwe ukuta wa kuzuia bahari, kazi iliyofanyika miaka ya mwisho ya 2010. Kuna waliolalamika kwamba umeharibu sura ya upande wa bahari na vijana wamepoteza mahali pa kuogelea, na wana haki ya kulalamika, lakini mwamba ukibomoka hakuna ngome.

Saa za kufungua, kiingilio, na kufika?

Kila siku, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Viingilio vinatofautiana, raia wa Kenya, wa Afrika Mashariki, wageni wa nje, watu wazima na watoto, na hubadilika mara kwa mara kwa hivyo angalia bei mpya kabla hujatoka, na ubebe kitambulisho manake bila hicho huwezi kuthibitisha uraia. Njoo na simu yenye chaji na salio, malipo ni ya simu.

Kufika ni rahisi, fuata Barabara ya Nkrumah mpaka mwisho, au mwambie wa tuktuk Fort Jesus. Asubuhi ndio bora, mchana jua linawaka juu ya zile kuta na kivuli ni kidogo. Waongozaji wapo langoni, mkubaliane bei kabla hamjaanza. Ukimaliza ingia Mji wa Kale kwa miguu, Ndia Kuu, Msikiti wa Mandhry, na ile Mahakama ya Kale ya 1902 iko karibu hapo hapo. Ngome bila mji wake haieleweki.

Naleta darasa la wanafunzi, nifanye nini?

Andika barua mapema kwa uongozi wa makumbusho, wagawe watoto vikundi vidogo, na wape kazi ya kutafuta kitu kimoja kimoja badala ya kunakili vibao vyote. Mmoja atafute jiwe la 1635, mwingine atafute merikebu ukutani, mwingine ahesabu buruji. Watakumbuka zaidi. Na walimu msimamie kingo za kuta, juu kule hakuna vizuizi kila mahali.

Nina kitu cha kale nyumbani, au nimechimba msingi nikakuta vigae na shanga. Nipeleke?

Ukikuta ardhini, simamisha jembe kwanza. Usikisafishe, usikitoe chote, piga picha pamoja na mahali kilipo, halafu ripoti makumbusho. Mahali kitu kilipolala na kina chake vinamwambia mtaalamu mengi kuliko kitu chenyewe. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inataka uvumbuzi wa namna hiyo uripotiwe, na kutoa vitu vya kale nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Kama ni cha nyumbani, sanduku la bibi, hati za Kiarabu, msahafu wa mkono, picha za zamani, hulazimiki kukitoa. Waweza kwenda ukaomba ushauri tu wa jinsi ya kukitunza. Hati zisiwekwe karibu na dirisha wala kwenye mifuko ya plastiki, unyevu wa pwani unazila ndani kwa ndani. Na andika nyuma ya picha, kwa penseli si kwa kalamu ya wino, majina ya waliomo na mtaa waliokaa, ukiwa bado una mtu mzima nyumbani wa kumuuliza.